Iko Zima

Mume wangu lori huliita rori, na ngeli zote za Kiswahili amezitupa akabakiza moja. Mvua iko, watoto iko, mama mkwe iko mgonjwa, Mungu iko. Yeye ni Mnyarwanda aliyekulia Uganda, na Kiswahili alikiokota barabarani kwa madereva wenzake. Mimi nimezaliwa Tabora, na Kiswahili ndicho ninachofundisha katika shule moja hapa Kigali. Sasa fikiria mwenyewe nyumba hiyo ikoje. Mchana nasahihisha madaftari, jioni namsahihisha mume. Naye hunijibu kwa kuniita Mwarimu, ile r akiikaza makusudi, kwa kuwa Kinyarwanda ndivyo kinavyosema na anajua inaniudhi.

Nayataja haya mapema kwa sababu lori letu lilipougua, neno moja tu ndilo lililotaka kunitoa roho.

Lilikuwa lori dogo la zamani, lenye pua, injini ya dizeli yenye silinda nne, isiyojua kompyuta wala taa za kuonya. Kwa lori hilo mume wangu alibeba matofali, mchanga, na zaidi ya yote vyombo vya watu wanaohama. Ugonjwa ulianza kwa kukataa kuwaka asubuhi. Likiwaka, linatoa moshi mweupe unaochoma macho, na ndani linagonga kana kwamba kuna mtu kafungiwa anataka kutoka. Mimi nikishaona kitu nisichokielewa silali. Moshi mweupe maana yake nini? Mbona wiki iliyopita ulikuwa mweusi? Unatoka wapi?

Siku ya kwanza alinijibu kwa subira. Mazutu, yaani dizeli kwa lugha ya hapa, inatakiwa iingie kwenye injini ikiwa ukungu mwembamba, ndipo ishike moto. Ikiingia kwa matone, haiungui yote. Nyingine inatoka nje mbichi, na ndio huo weupe.

"Sasa nani anaifanya iwe ukungu?"

"Nozeli. Hapa wanasema enjekteri. Iko nne."

"Ziko nne."

"Mwarimu, iko nne. Hata ukihesabu wewe utapata nne."

Ningebaki na udadisi wangu tu, nikamwachia yeye moshi wake, kama si simu ya bosi. Bosi huyu ni Mtanzania mwenye malori makubwa ya masafa marefu. Zamani mume wangu alimwendeshea, Kigali hadi Dar es Salaam na kurudi. Alikuwa akifika nyumbani anaoga, analala, anaondoka. Siku moja mtoto wetu wa mwisho alimwona mlangoni, akakimbilia jikoni kuniita: "Mama, kuna mgeni." Mume wangu alicheka mbele ya mtoto. Chumbani hakucheka. Aliacha ile kazi, tukanunua hili lori dogo ili awe analala kwake.

Sasa bosi alikuwa na lori linaloondoka Jumatatu na dereva hana. Alisema atapita Kigali Jumapili, na siku hiyo hiyo anataka jibu, ndiyo au hapana, maana kuna dereva mwingine anayeingoja nafasi hiyo. Gereji zote tulizozijua zilitaka tuziachie lori wiki mbili. Mume wangu akasema, "Rori ikipona, nabaki. Ikikataa, naenda na bosi. Hatuwezi kukaa tunaangalia chuma."

"Sitaki uende," nikamwambia.

"Basi shika tochi."

Hivyo ndivyo nilivyogeuka fundi msaidizi, mimi ambaye hata gurudumu sijawahi kufungua.

Nyumba yetu iko Busanza, kwenye mteremko kama nyumba nyingi za mji huu, na mume wangu huegesha lori likitazama chini ya kilima, tayari kwa kusukumwa. Ijumaa jioni aliliwasha kwa taabu, akafungua boneti, akaniita.

"Wewe unasikia makosa ya watu kutoka asubuhi. Leo sikia ya hii."

Akanieleza. Kila nozeli inaletewa mazutu na bomba jembamba la chuma, na bomba limeshikwa na nati. Ukilegeza nati kidogo tu injini ikiwa inanguruma, mazutu inamwagika nje na silinda ile inakosa chakula. Sauti ikibadilika, ujue silinda hiyo ilikuwa kazini. Isipobadilika, ujue ilikuwa imekaa tu. Nilimuuliza kwa nini nisishike mimi ile spana. Akanikataza kabisa hata kusogeza kidole, akasema mazutu ikitoka kwa nguvu kwenye tundu dogo inaingia kwenye nyama ya mtu kama sindano, na daktari ataikuta ndani. Nikarudisha mikono mfukoni.

Akafunika nati ya kwanza kwa tambara, akailegeza. Injini ikayumba, sauti ikapwaya, kama kwaya iliyoondokewa na mwimbaji mmoja wa besi. Akakaza, sauti ikarudi. Ya pili vile vile. Alipolegeza ya tatu, nilisubiri, sikusikia kitu. Nikamwambia arudie. Akarudia. Injini ikaendelea kugonga na kukohoa vile vile, haina habari.

"Huyo," nikasema. "Huyo anapokea mshahara tu."

Mume wangu alicheka mpaka akaegemea tairi. Ya nne ilikuwa inafanya kazi, kwa uvivu lakini inafanya. Nami nilijisikia raha ya ajabu, kwamba kwa masikio yangu haya nimeona kitu kilichofichika ndani ya chuma. Nikataka kujua kama mbovu ni moja, kwa nini siku hiyo alikuwa amenunua nozeli mpya nne. Akasema zote zilizeeka pamoja, ukibadilisha ya tatu peke yake, mwezi ujao ya nne italala.

Jumamosi ilikuwa ya umuganda, kazi ya pamoja ya mtaa mzima, kwa hiyo asubuhi tulikuwa na majirani mtaroni tunazoa udongo ulioshushwa na mvua. Tuliporudi, mume wangu aliegemeza jembe ukutani akachukua spana, hata mikono hakunawa. Kunawa kulikuwa kwa injini. Aliisugua pembeni mwa nozeli zote kwa brashi na mazutu, kona kwa kona, akisema chembe moja ya mchanga ikiingia humo ndani, nozeli mpya imekufa kabla ya kuzaliwa. Mabomba yalipotoka, midomo yake ilihitaji kufunikwa. Kwingine mtu angechukua mfuko wa plastiki, lakini mifuko hiyo hapa imepigwa marufuku, utaitoa wapi? Nikaenda jikoni, nikachukua glavu zangu za kuoshea vyombo nikazikata vidole, kila bomba nikalivisha chake. Mume wangu aliyatazama yale mabomba yenye vidole vya njano kwa muda mrefu.

"Iko vizuri," alisema. Sikumsahihisha, maana nilikuwa nimesifiwa.

Wakati huo mama jirani alikuwa ameshasogea kwenye ua wa michongoma. Ni mama mtu mzima, mjane, anauza vitenge Gitega, hapa hapa mjini, na Kiswahili chake ni cha biashara, kinatosha kukuuzia doti na kukukatalia bei. Akatuuliza kwa Kinyarwanda, "Mwamaze gufungura?"

Mimi nikasikia kufungua. Nikamjibu kwa fahari, "Bado, mama, zimebaki nati mbili, na moja imeshika kutu."

Akanitazama. Akamtazama mume wangu. Mume wangu alikuwa amekwisha kuinama chini ya boneti, mabega yakitikisika. Kumbe Kinyarwanda kufungua na kula chakula ni neno moja, na yule mama alikuwa anatuuliza kwa adabu kama tumekula. Miaka yote hiyo Kigali na bado natumbukia kwenye shimo hilo hilo! Mama jirani akaondoka akicheka, akarudi na sahani ya viazi vitamu na maharage, akasema tule kwanza, nati zenye kutu hazikimbii.

Tulipomaliza kula, nozeli mbili za mwanzo zilitoka bila ubishi. Ya tatu, yule mla mshahara wa bure, ilikataa. Mume wangu aliimwagia mafuta laini pembeni, akangoja, akagonga kidogo, akazungusha, akangoja tena. Ilipotoka ilikuwa nyeusi tii, na tundu lake limejaa masizi. Ya nne ikafuata. Nikaona chini ya nozeli kuna pete ndogo ya shaba, inayong'aa pale ilipobanwa na nyeusi kwingine. Washa, mafundi huiita. Nikauliza kwa nini ya shaba, kwa nini isiwe ya chuma kama kila kitu. Akasema shaba ni laini, ukiibana inalala vizuri ikajaza nafasi yote, moto wa ndani usipate njia ya kutokea. Jambo dogo, lakini nililipenda. Nikaziokota zile kuukuu nikazipanga kwenye kisosi, nikiwaza hereni.

Nozeli mpya zikaingia na washa mpya, mabomba yakarudi. Kukabaki kutoa hewa, maana mazutu ikiwa na mapovu injini haiwaki. Kuna pampu ndogo ya kubonyeza kwa mkono. Akaibonyeza mara kadhaa, akatikisa kichwa, akasema, "Pampu iko zima."

"Imezima? Mungu wangu, na pampu nayo?"

"Hapana! Iko zima! Inafanya kazi!"

"Basi sema ni nzima, bwana! Unataka kuniua? Kitu kikizima kimekufa. Kikiwa kizima kimepona."

Akaacha kubonyeza. "Mwarimu. Kufa na kupona neno moja?"

Nilifungua mdomo kumweleza kwamba hayo ni maneno mawili tofauti, moja kitenzi na jingine kivumishi, halafu nikaanza kujiuliza mimi. Kwa kweli, mbona yanafanana hivyo? Taa imezima, mtoto ni mzima. Nimefundisha yote mawili miaka na miaka, ubaoni, kwa chaki, wala sikuwahi kuyaweka pamoja nikayatazama. Nikamgeukia mama jirani nikamuuliza, na ninyi je? Akafikiri. Akasema umeme ukikatika wanasema wazimye, na mtu akiwa hai, hana ugonjwa, ni muzima. Ni hivyo hivyo. Tukabaki watatu tunatazamana pale uani, mikono ina grisi, kama watu waliookota kitu wasijue ni cha nani.

"Twende kazi," mume wangu akasema.

Akanipandisha kwenye kabini nishike ufunguo, yeye akalegeza zile nati kwenye nozeli. Kazi yangu ilikuwa kuzungusha injini mpaka mazutu itoke safi, bila povu. Nikakaa nimeshika ufunguo nangoja amri. Akapaza sauti, "Washa!"

Nikashuka, nikachukua washa kwenye kisosi, nikampelekea.

Aliitazama ile pete ya shaba kwenye kiganja changu, akanitazama mimi, akaitazama tena. "Mwarimu," alisema polepole, "leo ni nani hajui Kiswahili?" Mama jirani alicheka mpaka akakaa chini. Nikarudi kwenye kabini nikiwa nimevimba, nikazungusha ufunguo kwa hasira. Kwenye nati povu lilitoka kwanza, halafu povu na mazutu, halafu mazutu peke yake ikiruka kwa mapigo. Alikaza moja baada ya nyingine. Injini ikashika. Jamani! Nilipiga kelele mle ndani peke yangu.

Sikumaliza hata kushangilia. Kulikuwa na sauti ya ziada, chafu chafu chafu, kama sufuria ya presha yenye mpira mbovu, na moshi ulikuwa unatoka pale pale kwenye nozeli ya tatu, pembeni yake. Injini ikatetemeka, ikapungua, ikanyamaza. Nikazungusha tena. Ikakohoa, ikanyamaza.

Mume wangu alifuta mikono kwa tambara, kidole kimoja kimoja. "Iko zima," akasema.

Safari hii nilielewa, na sikumsahihisha.

Jioni hiyo nilimwona akishusha begi lake la safari kutoka juu ya kabati, akalifuta vumbi, akaliweka kitandani likiwa tupu. Nilikwenda uani kukusanya vyombo, na nilipokishika kile kisosi nikaona kitu hakikai sawa. Nozeli kuukuu zilikuwa nne. Washa kuukuu zilikuwa tatu. Nikampelekea. Akasema labda imedondoka, uani kuna majani. Nikachukua tochi nikatafuta, sikuiona.

Asubuhi, kwenye chai, nikamuuliza tena. Nilijua namchosha, lakini mimi kitu kikipungua hakiniachi. "Ile washa ya nne iko wapi?"

Aliinua kikombe, akakishusha bila kunywa. Nikaona macho yake yanatembea, yanarudi nyuma, yanapita kila kitu alichokishika jana. "Iko ndani," akasema.

"Ndani wapi?"

"Kwenye shimo ya tatu. Ilibaki chini, kwenye masizi. Mimi nimeweka mpya juu yake." Akapanga vidole vyake viwili, kimoja juu ya kingine. Washa mbili zimepandana, nozeli imekaa juu juu, haikai kitako, na moto unapita pembeni. Ndiyo ile chafu chafu. Wala nozeli mpya haikuwa mbovu! Nilitaka kumkumbatia, na papo hapo nikaona kwamba ile "iko ndani" yake ilikuwa Kiswahili safi, washa iko ndani, ngeli imekaa mahali pake. Nikanyamaza nayo.

Alianza upya. Mabomba nje, nozeli ya tatu nje. Akachukua njiti ya baiskeli, akaikunja ncha, akaanza kuvua ile pete gizani, akimulikiwa na mimi. Inashikika, inateleza. Mchana ukaingia tukiwa hapo hapo, na ndipo bosi akapiga simu. Yuko mgahawani Gisimenti, anakula, akimaliza anaondoka zake.

"Nenda wewe," mume wangu akaniambia bila kuinua kichwa. "Nyinyi ni watu wa nchi moja. Mkalishe, ongea naye. Nikijua, napiga simu."

"Simu yako ina chaji?"

"Iko."

Nikanawa, nikabadili nguo, nikapanda pikipiki. Mama jirani nilimwacha anapanda kwenye kabini kuchukua nafasi yangu ya ufunguo.

Bosi nilimkuta nje ya mgahawa, mbele yake mishikaki ya mbuzi na ndizi ya kuchoma. Ni mtu mpole, wa Shinyanga, Kiswahili chake kimenyooka. "Karibu shemeji, habari za nyumbani, watoto hawajambo?" Niliburudika kusikia ngeli zikipita kila moja kwenye njia yake, na wakati huo huo nilimchukia kidogo, masikini, mtu ambaye hajanikosea chochote. Meza ya pili alikaa mwanamume wa makamo mwenye begi miguuni. Huyo ndiye dereva mwingine. Hakuwa anakula, alikuwa anatutazama.

Niliongea kila kitu nilichokijua. Mvua za Tabora, asali ya Tabora, shule, bei za nyumba. Bosi alijibu kwa adabu, lakini alishalipia chakula na alikuwa anatazama barabara. Akasema, "Shemeji, nisikufiche, nikitoka hapa lazima niwe nimejua. Yule bwana pale ametoka mbali." Nikasema ninaelewa. Nikamuuliza njia ya Dar siku hizi ikoje. Akaanza kunieleza, na simu yangu ikalia.

"Mwarimu!" Sauti ya mume wangu, imejaa pumzi, na muziki wa mgahawa ukipiga sikio langu la pili, na pikipiki zikipita. "Iko zima!"

"Nini? Imezima au ni zima?"

Kimya. Nikatazama simu. Nikapiga, haipatikani. Nikapiga tena, haipatikani. Simu yake imezima, nikawaza.

"Anasemaje?" bosi akauliza.

"Anasema iko zima."

"Aa, pole sana shemeji." Akanipa pole ya kweli, hata mkono aliuweka mezani karibu na wangu. "Basi mwambie kesho saa kumi na moja alfajiri awe yuko tayari. Tutamchukua njiani."

Na kwa nini asielewe hivyo? Mswahili yeyote angeelewa hivyo. Mimi mwenyewe, kama ningekuwa ninasahihisha daftari, ningeandika pembeni kwa wino mwekundu: imezima. Nikajaribu kuisikia tena ile sauti. Ilikuwa na furaha, au ilikuwa imechoka kwa kuhangaika na njiti? Jana pampu ilikuwa iko zima, nayo ilikuwa inafanya kazi. Jana injini ilikuwa iko zima, nayo ilikuwa imekufa. Nilimtazama bosi akiweka leso mfukoni. Nikaliona lile begi juu ya kitanda, limefunguka mdomo. Nikamwona mtoto anakuja jikoni mbio.

"Hapana," nikasema.

"Hapana nini?"

"Umesikia kwa Kiswahili chako, bosi. Lakini hayo ni maneno ya Kiswahili cha mume wangu. Akisema iko zima, lori ni zima. Limepona. Haji."

Alinitazama kwa makini. "Una uhakika, shemeji? Maana nikimpa yule nafasi, imekwenda."

"Mimi ni mwalimu wa Kiswahili," nikamwambia.

Akacheka, akasema haya, mwalimu amesema. Akamwita yule wa meza ya pili kwa mkono. Yule mtu alisimama haraka hata akaangusha kiti, na nilipoona uso wake nilifurahi walau kwa ajili yake.

Kwenye pikipiki, kurudi Busanza, nilikuwa najisemea kwa sauti. Sikujua kitu. Nilikuwa nimechagua maana niliyoitaka nikamwuzia mtu kwa jina la kazi yangu. Kama lori limekufa, nimemnyima mume wangu kazi mbili kwa siku moja, na chakula cha watoto, na ada ya shule. Dereva wa pikipiki aliniuliza kama naumwa. Nikamwambia mimi ni mzima, halafu nikaanza kucheka peke yangu ndani ya helmeti, naye akaongeza mwendo.

Nilipofika getini nilisimama kusikiliza. Kimya. Hakuna kugonga, hakuna kunguruma, hakuna hata kukohoa. Nikaingia. Boneti ilikuwa wazi. Mume wangu alikuwa amekaa kwenye kigoda cha mama jirani, mikono nyeusi, anatazama chini.

"Iko zima?" nikamuuliza.

"Iko zima."

Nilitamani kumpiga kwa kiatu. Nikampita, nikaenda moja kwa moja kwenye lori, nikaweka kiganja juu ya injini. Nikakitoa upesi, huku nikipuliza vidole. Ilikuwa ya moto kabisa, moto wa injini iliyonguruma muda mrefu bila kusita.

"Mama jirani ana watu wa maombi kwake," mume wangu akasema nyuma yangu. "Nikaizima. Inawaka vizuri, hata moshi hakuna. Nilikupigia, simu ikakata." Akainuka. "Bosi umemwambia nini?"

"Nimemwambia iko zima."

"Na yeye akaelewa?"

"Alielewa imekufa. Mimi nikamwambia imepona."

"Ulijuaje?"

"Sikujua."

Alinitazama. Nilimwona anaipima ile habari, anaigeuza. "Na kama ingekuwa imekufa?"

"Ungekuwa na lori bovu na mke," nikasema, "na tungeendelea kushika tochi."

Aliingiza mkono mfukoni, akatoa ile washa iliyokuwa imejificha chini ya masizi, nyeusi, imekwaruzwa na njiti. Akaifuta kwenye shati lake, akaenda mpaka kwenye kile kisosi juu ya ukuta, akaiweka pamoja na wenzake.

"Ziko nne," akasema.

Nilikuwa nimeshaanza kulia, hata kumsifu nilishindwa.